Jicho Lisilobisha Hodi

Waashi wa Lamu walipojenga nyumba za mawe hawakuuelekeza mlango wa mbele moja kwa moja kwenye kiwanda. Mgeni alikaa kwanza dakani. Alipokaribishwa alipita tekani, akapinda, ndipo akaiona nyumba. Mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, hakuona ila ukuta. Haki ya kutotazamwa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na hodi ikawa ufunguo wake.

Neno faragha nalo limetujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni utupu na nafasi: mahali pasipo mtu mwingine. Leo mahali hapo pamekuwa haba, kwani kila simu na kila kompyuta mpakato ina jicho na sikio.

Masikio ya siri yana historia ndefu. Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimzawadia Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ikatundikwa katika makazi ya balozi. Ndani yake mlifichwa chombo kilichobuniwa na Leon Theremin, yule yule aliyevumbua ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Chombo hicho hakikuwa na betri wala waya. Kiliamka tu kilipoelekezewa mawimbi ya redio kutoka nje. Utando wake mwembamba ukatikisika kwa sauti za wazungumzaji, na mawimbi yakarudi yamebeba maneno yao. Kilidumu hapo hadi mwaka 1952 kilipogunduliwa. Mei 1960 Marekani ikakionyesha hadharani mbele ya Umoja wa Mataifa.

Zawadi ile aliletewa balozi. Hii yetu twainunua wenyewe, au twapewa watoto wetu shuleni. Mwaka 2010, wilaya ya shule ya Lower Merion, jimboni Pennsylvania, ilishitakiwa kwa sababu programu iliyokusudiwa kutafuta kompyuta zilizopotea ilikuwa ikipiga picha kwa kamera zake wanafunzi wakiwa majumbani mwao. Picha hizo zilikuwa maelfu. Mashauri yalimalizwa mwaka huo huo kwa malipo ya dola 610,000.

Wapo waliojifariji kwa ile taa ndogo iwakayo kamera inapotazama. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kuwa katika baadhi ya kompyuta za zamani za Apple kamera iliweza kufanya kazi taa ikiwa imezimwa. Mwaka 2016 James Comey, aliyekuwa mkuu wa FBI, alikiri kuwa ameibandika utepe kamera ya kompyuta yake. Mwaka huo huo picha ya Mark Zuckerberg ilionyesha kompyuta iliyozibwa vivyo hivyo. Mwenye kuijua bahari ndiye aliyetangulia kuvaa boya!

Lakini jicho huzibwa kwa karatasi; sikio halizibwi hivyo, maana sauti hupenya. Kuifungia maikrofoni kwa mipangilio ya kompyuta ni komeo ambalo mwizi aliyekwisha kuingia aweza kulifungua. Lililo imara zaidi ni kukata njia ya umeme yenyewe. Kampuni ya Purism iliweka swichi za kufanya hivyo katika kompyuta zake, na tangu 2018 Apple ilianza kutengeneza kompyuta mpakato ambazo maikrofoni yake hukatika kifuniko kinapofungwa. Wengine hufungua mashine na kuchomoa waya.

Hata hivyo, aliyechomoa waya amejinyima pia sauti ya mwanawe aliyeko Maskati. Mimi nimebandika kipande cha karatasi, nacho hukibandua jamaa wanaponiita. Waashi wa Lamu hawakuuziba mlango kwa mawe, waliupindisha tu, ili mwenye nyumba awe ndiye anayejibu, "Karibu." Vyombo vyetu navyo vinahitaji tekani yake.