Stesheni za kihistoria: Nani anafaa kuzimiliki?

OKTOBA 28, 1963, mafundi walianza kubomoa stesheni ya Pennsylvania jijini New York, Marekani. Jengo hilo, lililojengwa kwa mfano wa mabafu ya kale ya Roma, lilikuwa limetumika kwa miaka 53 tu.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Stesheni ilikuwa mali ya kampuni binafsi ya reli, iliyokuwa ikinyang’anywa abiria na magari na ndege, nayo iliuza haki ya kujenga juu ya reli zake. Mahali hapo pakasimama ukumbi wa michezo wa Madison Square Garden. Abiria walihamishiwa chini ya ardhi, na hadi leo treni zao ziko huko.

Tukio hilo hutajwa kila unapozuka mjadala juu ya umiliki wa stesheni za kale. Watetezi wa umma husema mfanyabiashara hutazama faida, na ukumbi mpana wa kupokea abiria haulipi. Watetezi wa sekta binafsi hujibu kwamba Serikali huyaacha majengo yaoze kwa kukosa bajeti. Kinachosahaulika ni kwamba stesheni kubwa ya pili ya jiji hilohilo, Grand Central, iliokolewa ikiwa bado mikononi mwa kampuni binafsi.

Mwaka 1965 New York ilipitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria, na mwaka 1967 Grand Central, iliyofunguliwa mwaka 1913, ikaingizwa katika orodha. Mwaka uliofuata kampuni ya Penn Central, iliyokuwa ikiimiliki, ilitaka kujenga juu yake mnara wa ofisi wa zaidi ya ghorofa 50, ambao ungeiletea pango lisilopungua dola milioni tatu kwa mwaka. Tume ya jiji ilikataa.

Kampuni ilikwenda mahakamani. Ilidai kwamba kama umma unataka kuhifadhi kitu, basi umma ulipe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, hasa ikizingatiwa kuwa Penn Central ilifilisika mwaka 1970. Hata hivyo, Juni 26, 1978, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba jiji halikupaswa kulipa fidia. Stesheni ingeendelea kutumika kama ilivyokuwa, na haki ya kujenga juu yake ingeweza kuhamishiwa kwenye viwanja vingine vya jirani.

Mahakama iliokoa kuta, lakini dari lililochafuka na paa lililovuja vilihitaji fedha. Hapo ndipo umma ulipoingia, tena kama mpangaji. Mamlaka ya usafiri ya New York ilipata mkataba wa pango wa muda mrefu sana, unaofika mwaka 2274, ikalikarabati jengo na kulizindua upya mwaka 1998. Ni mwaka 2020 tu ndipo ilipokamilisha kulinunua, pamoja na njia zake za reli, kwa dola milioni 35.

Detroit ilipita njia nyingine. Treni ya mwisho iliondoka katika stesheni ya Michigan Central mwaka 1988. Jengo likaangukia mikononi mwa mfanyabiashara, vioo vikavunjwa, nyaya zikaibwa, na mwaka 2009 baraza la jiji lilipiga kura libomolewe. Halikubomolewa. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Ford ililinunua, na Juni 2024 lilifunguliwa tena likiwa limekarabatiwa vizuri. Watetezi wa sekta binafsi wana haki ya kujivunia mfano huo, ingawa ni mmiliki binafsi pia aliyeliacha likawa gofu. Ukumbi wake uling’arishwa upya na ofisi zikafunguliwa ghorofani, lakini siku ya ufunguzi hapakuwa na treni hata moja ya abiria iliyosimama hapo.