Mtaji wa Kijamii Mlimani Kilimanjaro: Mfongo, Ushirika na Kikoba

Mtaji wa kijamii ni faida inayotokana na mahusiano: kujuana, kuaminiana, kusaidiana kwa zamu na kufuata kanuni ambazo kila mmoja anajua zitamgusa akizivunja. Wanasosholojia Pierre Bourdieu na James Coleman waliijenga dhana hii kitaaluma katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 Robert Putnam akaieneza kwa utafiti wake kuhusu serikali za mikoa nchini Italia. Kwa Tanzania, Deepa Narayan na Lant Pritchett walichambua takwimu za vijijini zilizokusanywa mwaka 1995. Waliona kwamba vijiji vyenye vikundi vingi na vilivyo hai vilikuwa na kaya zenye kipato kikubwa zaidi, na kwamba faida hiyo ilitokana na hali ya kijiji kizima kuliko uanachama wa kaya moja moja.

Wataalamu hugawa mahusiano haya katika makundi matatu. Kuna ya ndani, yanayowaunganisha ndugu na majirani. Ya kuvuka, yanayowakutanisha watu wa koo, vijiji au dini tofauti. Na ya ngazi, yanayowafikisha wananchi kwenye serikali, benki na masoko. Moshi na miteremko ya Kilimanjaro ina historia ndefu ya aina zote tatu.

Mifongo: mahusiano ya ndani

Kabla ya ukoloni Wachaga walikuwa tayari wamechimba mamia ya mifongo, yaani mifereji ya kupeleka maji ya mito kwenye migongo ya vilima wanakoishi watu. Mfongo huanzia kwenye banio la mawe, magogo, udongo na majani ya migomba, linalokinga sehemu ya maji ya mto. Kutoka hapo maji huambaa ubavuni mwa bonde, yakishuka taratibu kuliko mto wenyewe, mpaka yafike vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba.

Mfongo haudumu bila watu. Mvua kubwa ikibomoa banio au tope likijaa, wenye haki ya maji huitwa kazini. Asiyetokea hutozwa faini, na akikaidi hukosa zamu yake. Ukoo uliochimba mfongo huwa na sauti kubwa katika kugawa zamu, lakini majirani wa koo nyingine huingizwa kwa kuchangia kazi. Hapa kuaminiana hakutegemei moyo mwema peke yake: anayeiba maji usiku huonekana asubuhi, kwa kuwa shamba la jirani limebaki kavu.

Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi miongoni mwa Wachaga katika vipindi kati ya 1902 na 1938, aliandika kwamba jamii ya Wachaga imesimama juu ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Vifungo hivyo vilikuwa pia na njia ya kurekebisha uhusiano ulioharibika. Mkosaji aliyepeleka jani la sale, mmea uleule unaopandwa kuonyesha mipaka ya kihamba, alimweka aliyekosewa katika wajibu mzito wa kumsikiliza.

Kahawa na ushirika: mahusiano ya kuvuka

Kahawa ya arabika iliingia mlimani kupitia misheni mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima Waafrika walipoanza kuipanda kwa wingi, walowezi wa Kizungu walipinga. Jibu lilikuwa chama: mwaka 1925 iliundwa Kilimanjaro Native Planters' Association, ikiongozwa na Joseph Merinyo, ili kutetea haki ya kulima, kupambana na wadudu na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Cooperative Union (KNCU), muungano wa vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Watu wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, waliokuwa chini ya mamangi (watawala wa Kichaga) waliowahi kupigana, sasa walikuwa na ghala, daftari na bei ya pamoja.

Historia ya KNCU inaonyesha pia jinsi mtaji huu unavyopotea. Mwaka 1937 wakulima waliolazimishwa kuuza kupitia chama pekee, huku wakiwa hawaridhiki na bei wala uendeshaji, walifanya ghasia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote na kazi zao zikahamishiwa kwa mamlaka za mazao. KNCU ilirudi mwaka 1984, lakini mkulima alikuwa amejifunza kwamba chama chake kinaweza kufutwa bila yeye kuulizwa. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, wengi waliuza kwingine. Baadaye vyama vya msingi 32 viliunda G32 na kupeleka kahawa mnadani Moshi bila kupitia KNCU.

Elimu na walio mbali

Fedha za kahawa, misheni na michango ya wazazi vilijenga shule. Nafasi za sekondari za serikali zilipokuwa chache katika miaka ya 1970 na 1980, Kilimanjaro iliongoza kwa shule za binafsi, nyingi zikijengwa na makanisa na jumuiya za wazazi. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi tangu 2014.

Uhaba wa ardhi nao ulipanua mtandao. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho walitangulizwa katika urithi wa kihamba, hivyo wengi wa katikati walitafuta mashamba tambarare au biashara mijini. Aliyetangulia Arusha au Dar es Salaam humpokea anayefuata na kumtafutia kazi au mtaji. Kila Desemba walio mbali hurudi nyumbani, na vikao vya ukoo hujadili mipaka, ada za watoto na ujenzi wa barabara ya mtaa.

Vikoba na vikundi vya kuzikana

Leo mtaji wa kijamii unaonekana zaidi kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vingi vikiwa na wanawake wengi. Katika vikundi vinavyotunza fedha taslimu, sanduku huwa na kufuli kadhaa na kila ufunguo hukaa kwa mwanachama tofauti. Hisa huhesabiwa mbele ya wote, mikopo huombwa hadharani, anayechelewa hulipa faini, na mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ugonjwa na msiba. Vikundi vya kufa na kuzikana hufuata utaratibu unaofanana na huo: katibu huandika rambirambi, na orodha husomwa.

Mipaka yake

Mahusiano yanayowasaidia walio ndani yanaweza kuwafungia nje wengine. Kwa mila, kazi na maamuzi ya mfongo vilikuwa vya wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini vikao vya ukoo bado vinaweza kumnyima binti au mjane kihamba. Mpangaji asiye na ndugu Moshi mjini hukosa wadhamini, na michango ya harusi na misiba humlemea mwenye kipato kidogo.

Mahusiano ya ngazi nayo yana hatari yake. Sheria ya maji ya 2009 inatambua vyama vya watumia maji chini ya bodi za mabonde, na Bonde la Pangani lina bodi yake Moshi. Utaratibu huo huwapa wenye mifongo sauti mbele ya watumiaji wakubwa walio chini ya mlima. Lakini chama kilichosajiliwa ili kutimiza sheria, bila wanachama kuwa na uwezo wa kuona hesabu na kumwondoa kiongozi, hakina nguvu ya mfongo wala ya kikoba. Mlimani Kilimanjaro, mtandao umezaa maendeleo pale wanaoutegemea walipoweza pia kuukagua.