Injini ya Kombi Uani: Shule ya Mafundi wa Nyamirambo



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, safari hii tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitazama: gari kuukuu lililosimama uani, injini imeshushwa, vyuma vimepangwa juu ya gunia, na kijana ameshika spana huku mzee akimwelekeza. Tutachukua mfano wa kombi ya Volkswagen, hasa ile yenye kitanda na jiko ndani ambayo watu hulala humo safarini. Kwa nini hapa Kigali kazi ya magari ilishikwa sana na Waislamu? Na sisi tunawarithisha nini watoto wetu kutokana na kazi hiyo?

Tuanze na historia. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara Waislamu waliozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini, ulijengwa mwaka 1913.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua nchi. Elimu waliiacha kwa sehemu kubwa mikononi mwa wamisionari, hasa Wakatoliki. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alikuta mlango wa shule umeungana na mlango wa kanisa, na wazazi wengi waliona bora mtoto abaki nyumbani kuliko abadilishwe dini. Waislamu waliitwa "Waswahili" hata kama walikuwa Wanyarwanda wa kuzaliwa. Walitengewa makazi yao, kambi ya Waswahili ya Biryogo, na kuhama kulihitaji ruhusa. José Hamim Kagabo ameyaeleza maisha haya katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda.

Asiye na cheti cha shule hapati kazi ya ofisini. Kwa hiyo wazee wetu walishika biashara, kuendesha magari na ufundi. Rwanda haina bahari. Mizigo yake hutoka Mombasa na Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na lugha ya barabara hiyo ni Kiswahili. Dereva aliyeharibikiwa porini usiku hakuwa na wa kumwita. Ilimbidi afungue injini mwenyewe, na utingo wake amulike taa. Hivyo ndivyo utingo alivyokuwa dereva, na dereva akawa fundi. Mpaka leo Kinyarwanda kina neno "umufundi", ambalo limetoka katika Kiswahili chetu.

Sasa tuitazame kombi yenyewe. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon alichora mchoro mdogo wa gari la mizigo lenye injini nyuma. Mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen kikaanza kuliunda, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kutengeneza vifaa vya kulifanya nyumba ya safari. Brazil iliendelea kuunda kombi hadi mwisho wa mwaka 2013.

Injini yake ya zamani haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa upepo wa feni na kwa oili. Ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zake hutazamana. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, na zile za baadaye zimeongezewa mhimili kwa nyuma. Watu wawili wenye jeki nzuri na subira wanaweza kuishusha nyumbani. Ndiyo maana injini hii ni mwalimu mzuri kwa anayeanza.

Kazi yenyewe inakwenda kwa utaratibu. Kwanza betri inafunguliwa, petroli inazibwa na oili inamwagwa. Injini ikishashuka, zinatolewa hedi mbili, kisha silinda moja moja, kwa maana kila silinda hutoka peke yake. Kila kipande kinawekewa alama. Fundi anatazama: moshi wa bluu ulitokana na ringi zilizolika? Valvu imeungua? Katika injini za kabla ya mwaka 1971, silinda ya tatu ndiyo huungua zaidi, kwa sababu kipozeo cha oili kiliwekwa njiani mwa upepo wake. Krenki inapimwa, na ikiwa imelika inapelekwa kuchongwa kwenye mashine. Hiyo si kazi ya uani.

Katika kurudisha, ringi zinazungushwa ili midomo yake isikae mstari mmoja. Mshale ulio juu ya pistoni unaelekezwa upande wa giaboksi. Bolti zinakazwa kwa zamu na kwa kipimo, si kwa hasira. Nafasi ya valvu inapimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.15 kwa injini nyingi za sisi 1,600. Oili inayoingia ni lita mbili na nusu tu, kwa hiyo anayesahau kuipima huua injini upesi. Na hapa Kigali, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa petroli nyingi mno huku, na gari litatoa moshi mweusi na kuchoka mlimani.

Wanafunzi wetu wajue pia kwamba elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa Diyar Bakr, ambayo leo iko Uturuki, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo. Humo alieleza pampu ya maji yenye silinda mbili zilizolala na pistoni mbili zinazoelekeana. Anayeijua injini ya kombi akiutazama mchoro ule ataona undugu, ingawa ile ilisukuma maji na hii inachoma petroli. Na Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake.

Ndugu zetu, mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2013 mabasi makubwa yalichukua njia kuu za mji kutoka kwa Hiace ndogo tulizoziita "twegerane", maana yake tusogeleane. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwaka 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari hapa hapa Kigali, na mwaka uliofuata ikaleta magari ya umeme ya majaribio. Hata Biryogo, mtaa wa madereva, una barabara iliyofungiwa magari tangu mwaka 2021, na watu huketi humo kunywa chai.

Alhamdulillah, leo milango ya shule iko wazi kwa watoto wetu wote. Lakini tunaona wazazi wanaomtisha mtoto kwa kumwambia, "Usiposoma utakuwa fundi wa magari." Maneno haya yanawavunjia heshima babu zetu. Wao hawakwenda garaji kwa kukosa akili. Walikwenda kwa kunyimwa shule, na garaji wakaigeuza kuwa shule. Mafunzo yale hayakuandikwa kitabuni, yamekaa mikononi mwa wazee. Mzee akifa naye huondoka nayo.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo jepesi. Wakati wa likizo, mpelekeni kijana, wa kiume au wa kike, akakae na fundi mwaminifu. Aende na daftari, aandike majina ya vyuma kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Ajifunze kwamba gari la mtu ni amana, na kwamba bolti isiyokazwa sawasawa inaweza kumuua abiria asiye na hatia. Hata akiwa mhandisi wa magari ya umeme kesho, kupima kabla ya kukaza kutamfaa.