Kofia ya viua na mikono iliyoishona



Karibu kila nyumba ya Unguja na Pemba ina lile kopo la biskuti ambalo mtoto hulifungua kwa tamaa, akakuta sindano, subana, mkasi na vibonge vya uzi mweupe. Chini kabisa, ndani ya karatasi ya gazeti, kuna kipande cha kofia ambacho hakijamalizika. Bibi mwenye kopo hakuwahi kusema kwamba ana hobi. Alisema anashona kofia, basi.

Mabiharusi wengi wanatuuliza: nimshonee bwana harusi kofia mwenyewe, au ninunue? Jibu si gumu, kila mtu na nafasi yake. Lakini tumeona kwanza tuieleze kofia yenyewe ilipotoka, kwa sababu wengi tunaijua kichwani mwa baba na hatujui iliyopitia mikononi mwa mama.

Kazi ya mkono ina heshima ya zamani katika dini yetu. Bibi Zaynab bint Jahsh, radhiyallahu anha, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka anachopata. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wake zake kwamba atakayemfuata mwanzo ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Bibi Zaynab, mwaka wa 20 Hijria, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar, ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Bibi Aisha ndiye aliyelieleza hilo. Basi mtu akikwambia kushona ni kupoteza wakati, unaye wa kumtajia.

Tuje kwenye kofia. Neno kiua lina maana mbili, na zote mbili zimo humu. Ni ua dogo, na pia ni kitundu kilichozungushiwa uzi kwa sindano. Ukiinua kofia ya viua kwenye mwanga utaona maua hayo yameundwa na vitundu, vidogo kiasi cha kupita upepo lakini visiruhusu kidole. Ndiyo sababu haichomi kichwa mchana wa kaskazi. Lamu wao husema kofia ya vito, na huko utakuta hata wanaume wameketi wanashona. Iliyo nzuri kabisa wazee waliiita bulibuli.

Kofia ni vipande viwili tu: duara la juu na mkanda wa pembeni. Kitambaa cheupe hukunjwa mara mbili, nakshi huchorwa kwa penseli, halafu kila mstari hushonwa na kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi. Kosa la kitundu kimoja linaonekana mpaka mwisho, kwa kuwa nakshi hurudia na jicho hufuata. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na nyingine miezi, kwa mtu mwenye watoto na jiko la kuangalia. Hushonwa alasiri, kati ya kupakua chakula na adhana ya magharibi.

Hapo ndipo penye ushirika wenyewe. Kofia haikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mashoga walikusanyika ukumbini, kila mmoja na kipande chake, mazungumzo yakienda na sindano zikienda. Nakshi ilipita kwa kuazimana: unaleta kofia ya kaka yako, mwenzako anaiwekea karatasi na kunakili maua yake, kesho nakshi ile iko nyumba tatu. Mwenye mkono mzuri wa kuchora alichorea mtaa mzima na hakushona nyingi yeye mwenyewe. Mwingine alikuwa hodari wa vitundu, akaletewa vipande vya wenzake avimalize. Kwa hiyo ukiuliza kofia fulani ni ya nani, jawabu la kweli mara nyingi ni majina manne au matano.

Na majina hayo hayakuandikwa popote. Hilo linatuuma kidogo. Historia ya visiwa hivi inamtaja sana mvaaji wa kofia na haimtaji aliyeishona.

Tena kuivaa kwenyewe kulikuwa na uzito. Zama za utumwa, kilemba, kofia na viatu vilikuwa alama za muungwana. Mtumwa mwanamume alikaa kichwa wazi mbele ya bwana wake. Sheria ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909, miaka 12 baadaye. Wanaume walioachwa huru walijinunulia kanzu na kofia mapema walivyoweza, kama vile wanawake walivyoacha nguo nyeusi na za kaniki wakajifunga kanga za rangi. Fikirieni basi kile kitu kidogo cheupe kilimaanisha nini kwa mtu aliyepita njia ya Ng'ambo nacho kichwani mara ya kwanza. Na aliyekishona, pengine mke wake, alikuwa akimshonea uungwana. Hatuoni kama neno hilo ni kubwa mno.

Ndani ya majumba makubwa sindano ilikuwepo vilevile. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, aliandika maisha yake kwa Kijerumani na kitabu kikatoka 1886. Anawaeleza wanawake wa kasri, Waarabu, Wahabeshi na Wacherkesi kama mama yake, wakishona na kudarizi. Lakini anaeleza jambo jingine pia: wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Tazameni hapo. Sindano haikufichwa, kalamu ilifichwa, na zote mbili zinashikwa na vidole vilevile.

Skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, wazee wengi walikuwa na wasiwasi wa kuwatoa mabinti nje. Somo la kushona na la mambo ya nyumbani, pamoja na Qur'ani, yalisaidia kuwatuliza. Msichana anakwenda kushona, hilo lilieleweka. Akirudi nyumbani, pamoja na kitambaa chake alikuwa anajua kuandika barua. Kuna watu leo wanalicheka somo la kushona, wanaona liliwafunga mama zetu. Pengine liliwafunga baadhi. Sisi tunaona pia kwamba ndilo lililofungua mlango, maana kwa jina la sindano kalamu ilipita.

Na kofia ililipa. Mwanamke wa buibui, asiyekwenda sokoni, aliweza kumpa mtoto au shangazi kofia aliyoshona, ikauzwa, na fedha zikarudi mkononi mwake. Pesa hizo ni zake kwa sheria, mume hana haki nazo ila kwa ridhaa yake. Ni nyumba ngapi zilisomesha watoto kwa kofia? Hatuwezi kuhesabu, ila tukiuliza katika jamaa zetu hatukosi hadithi moja.

Kofia hii ilisafiri. Wangazija wanayo, na wanawake wao ni mafundi wa kuogopwa. Wazanzibari wenye asili ya Oman waliohama baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walioingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, walikwenda na kofia zao. Huko huitwa kuma, na leo ni sehemu ya vazi la taifa la wanaume wa Oman, nyuzi zikiwa za rangi zaidi kuliko zetu. Wanawake wa huko nao hushona majumbani mwao, vilevile kwa kupokezana nakshi.

Kisha zikaja za mashine. Kijana akizitazama kwa haraka hatofautishi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kofia ya mkono. Hatumlaumu anayenunua. Lakini ukipindua kofia ya mashine ndani utaona nyuzi zimekatwa na kuachwa, na kitundu hakikuzungushwa vizuri. Kofia ya mkono hupinduliwa ikawa karibu nzuri kama nje. Mama mwenye kuchagua kofia dukani kwanza huangalia ndani, nje baadaye.

Turudi kwa biharusi aliyetuuliza. Ikiwa nikaha ni baada ya miezi mitano na unajua kushika sindano, anza sasa, na usianze peke yako. Muombe shangazi akuchoree, mpe shoga yako mkanda, wewe baki na duara la juu. Ikiwa nikaha ni mwezi ujao, nunua ya mkono kwa anayeshona, na muulize jina lake.

Siku yenyewe mnaijua. Nikaha inafungwa msikitini, wanaume kwa wanaume, na biharusi yuko ndani na hina yake, haoni lolote. Kofia iko msikitini kabla yake. Baadaye bwana harusi analetwa nyumbani, wanawake wanapiga vigelegele, na mashoga wale walioshona naye alasiri zote zile wananyoosha shingo. Wanasema wanamtazama bwana harusi. Wanatazama vitundu.