Upanga wa Ofisa na Milima ya Buha

Upanga wa ofisa Mwingereza wa askari wa miguu, ule wa mtindo wa 1897, hausomwi kwenye makali. Tazama kwanza kinga ya mkono: chuma kilichotobolewa nakshi, katikati herufi za jina la mfalme au malkia wa wakati huo. Ukiona za George wa Tano, haukutengenezwa kabla ya 1910. Kisha uchomoe alani. Ubapa umenyooka, karibu sentimita 82, wa kuchoma kuliko kukata. Ugeuze mgongo juu. Kama ni wa daraja la juu kutoka Wilkinson wa London, karibu na mpini utakuta namba ndogo. Kiwanda hicho kilianza kuandika namba za panga zake daftarini miaka ya 1850, na ndiyo njia ya kumfikia mwenye mali wa kwanza. Ofisa alijinunulia upanga mwenyewe. Wengine walichoresha herufi za majina yao, au nembo ya ukoo.

Buha, nchi ya Waha katika pande za Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, upanga wa ofisa haukufungua njia. Mwanzoni mwa 1858 Richard Burton, ofisa wa askari wa miguu wa jeshi la Bombay, alipita kusini yake, upande wa Malagarasi, akielekea Ujiji. Huyu alipenda panga hata akaziandikia kitabu kizima mwaka 1884. Msafiri Henry Morton Stanley alipita Buha yenyewe mwaka 1871. Bunduki alikuwa nazo, lakini kilichomvusha ni doti za nguo: hongo leo kwa mtawala huyu, kesho kwa mwingine, mpaka akaona bora atoroke usiku na msafara wake kimyakimya.

Hata utawala wa Waingereza haukuingia kwa vita vyao hapo. Kigoma waliichukua Wabelgiji Julai 1916, wakaishika nchi mpaka Machi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Wakati huo upanga ulikuwa umekwisha kuwa pambo. Kwenye mahandaki ya Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, ulimtambulisha ofisa kwa mdunguzi wa adui, basi ukaachwa nyuma. Ndivyo ilivyokuwa hata Buha: Kapteni C.H.B. Grant, aliyekuwa katika utawala wa Tanganyika, alichapisha makala kuhusu nchi hiyo mwaka 1925. Cheo cha jeshi, kazi ya kalamu.

Hapa wakusanyaji wa panga hukosea. Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, naye alivaa upanga siku za gwaride, na sare nyeupe, lakini ule ni wa maofisa wa serikali: mwembamba, mpini wa rangi ya dhahabu. Si upanga wa askari. Na mbele ya Waha haukuwa na uzito wa ngoma ya mwami, mtawala wao. Mwami Theresa Ntare alipotawala Heru, mojawapo ya tawala za Buha, kuanzia 1946, hakuhitaji chuma kiunoni.