Safu ya Lugha: Zubian

Mwaka 1909 Uingereza iliteremsha majini manowari mbili ndogo zenye mbio, HMS Zulu na HMS Nubian. Zilikuwa za kundi la meli zilizopewa majina ya makabila na mataifa mbalimbali.

Oktoba 1916, katika Mlango wa Bahari wa Dover, torpido ya Wajerumani iliivunja Nubian omo. Siku chache baadaye, mwezi Novemba, Zulu iligonga bomu la baharini ikakatika tezi. Mafundi wa Chatham wakaunga omo ya Zulu na tezi ya Nubian, ingawa upana wa vipande hivyo ulitofautiana kwa takriban sentimita 9. Mwaka 1917 meli hiyo moja ikaingia kazini kwa jina la Zubian. Ilitumika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ikauzwa kuwa chuma chakavu 1919.

Jina hilo ni mfano bora wa uhulutishaji, yaani kuunda neno kwa vipande vya maneno mengine. Mwanzo wa jina ulitoka kwenye meli iliyotoa omo, na mwisho wake kwenye meli iliyotoa tezi. Ndivyo Kiswahili kilivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana.

Wanaounda istilahi wazingatie hili: neno la kuhulutisha hudumu pale msikiaji anapoweza kutambua asili ya kila kipande. Tuunde maneno hivyo, kisha tuyatumie.