Mpokezi: anayeshambulia ili aangushwe

Mazoezi ya aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, hufanywa wawili wawili. Mmoja anamshika mwenzake kifundo cha mkono au anamshushia pigo la utosini. Mwenzake anaigeuza nguvu hiyo na kumwangusha. Wajapani humwita yule wa kwanza uke. Sasa mwalimu wa Punia au Kindu, huko Kongo, amwambie kijana mbele ya wenzake, "Leo wewe ni uke," tuone kicheko kitakwisha lini. Neno hilo tayari lina kazi nyingine katika Kiswahili.

Basi tunahitaji neno letu la kumwita. Wengi watakimbilia mshambuliaji, lakini hilo ni la kandanda, na linataja mwanzo tu wa shughuli. Mpinzani ni baya zaidi. Popole Misenga, mwanajudo mzaliwa wa Bukavu, alipomshinda Avtar Singh wa India katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, hao walikuwa wapinzani: kila mmoja alitaka kuangusha. Katika aikido, iliyoanzishwa na Morihei Ueshiba (1883–1969), kwa kawaida hakuna mashindano. Anayeshambulia anajua ataanguka.

Na kuanguka huko kuna masharti. Pigo lilenge kweli. Likipita kando, mwenzake hajifunzi kitu. Asijirushe kabla hajavutwa, wala asikaze mwili kwa kuwa tu anaijua mbinu inayokuja. Akienda chini, kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono upige mkeka. Katika shule za kale za upanga za Japani, nafasi hii hushikwa na mkubwa: mwalimu hushambulia na kushindwa ili mwanafunzi ajifunze. Kwenye aikido mara nyingi mwalimu ndiye anayeangusha. Kwa maoni yangu, hapo kuna kitu kimepotea.

Mimi nachagua mpokezi. Uke limetokana na kitenzi ukeru, yaani kupokea, na kupokea kwetu hakumaanishi kukaa ukiletewa: aliyechoka njiani hupokewa mzigo. Tena tuna kupokezana, na ndivyo wanavyofanya hawa wawili, maana baada ya marudio machache aliyeangushwa huwa mwangushaji.

Mtu atasema mpokezi linaficha kwamba yeye ndiye anayeanza. Ni kweli. Kwa hiyo linapotajwa mara ya kwanza liandikwe pamoja na maelezo, "mpokezi, yaani anayeshambulia na kuangushwa", kisha liachwe litembee lenyewe.